Shavu la Kushoto la Coletha

Mabango ya saluni karibu zote za Maisaka ni kazi ya Anselm, lakini hayo ni ya kutafutia ugali tu. Moyo wake uko kwenye picha za mafuta: watu wameketi kando ya moto, uso umewaka upande mmoja, mwingine umemezwa na kivuli. Kwanza huipaka turubai nzima rangi nzito ya kahawia, kisha kwa kitambaa hufuta pale tu mwanga unapoangukia. "Giza halichorwi," hupenda kujigamba, "linaachwa tu."

Dada yake, Coletha, amekimbia kamera maisha yake yote. Akiwa na miaka mitatu, huko kwao Mbulu, aliangukia motoni, na shavu la kushoto likakunjamana hadi sikioni. Sasa binti yake Joyness alikuwa anaolewa Kahama na alitaka picha ya mama ya kuondoka nayo. Coletha akakubali, mradi achorwe na kaka yake.

Alikuja asubuhi kwa bajaji kutoka Singe.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Mama Joyness. Kaa hapo."

Anselm aliziba dirisha la jikoni kwa blanketi, akawasha kuni upande wa kulia wa dada yake. Wakafanya hivyo siku tatu, moshi ukiwatoa machozi, bila kuongea la maana. Siku ya nne akamwonyesha picha.

Ilikuwa nzuri, tuseme ukweli. Shavu la kulia liling'aa. La kushoto halikuwepo kabisa. Anselm akangoja shukrani, mjinga yule, akiamini amefanya hisani.

"Huyu si mama yake Joyness," Coletha alisema. "Siku ile niliyoungua uliachiwa unitunze, kaka. Ukawa unachora ng'ombe ukutani kwa mkaa, hukuniangalia. Mama aliniambia kabla hajafa. Na leo pia hukuniangalia."

Miaka arobaini Anselm alidhani ni yeye na mama yao tu waliojua. Alihamishia kuni upande wa kushoto, kijinga kimoja kimoja cha moto, akachukua kitambaa na kuanza kulifuta giza. Rangi ilikuwa imeanza kukauka. Haikutoka. Mkono wake ukasita juu ya shavu.

"Sugua tu, kaka," Coletha alisema. "Bandeji zilizogandia nazo walizibandua hivyohivyo."