Nafasi ya Nne Imegeuka Kijani

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuamua ndege ipi iegeshwe wapi. Alikuwa na ubao mweupe, kalamu za rangi tatu na redio, na uwanja mzima ulimwita Mama Maegesho, hata meneja. Kisha ikaja habari ya mfumo mmoja: viwanja vitano vya ndege vitumie programu moja, na ubao uondolewe.

Kwenye mafunzo aliitikia "ndiyo" kwa kila kitu, huku moyoni akijua hajaelewa hata nusu. Alichoogopa zaidi ni kubonyeza kitu hapa kikaharibikia kwenye uwanja mwingine, mbali, kwa watu asiowajua. Mumewe alimtania kwamba siku hizi anabisha hodi hata kabla ya kushika simu.

Asubuhi ya kuanza, fundi wa mfumo aliketi kando yake. Nje, nafasi ya nne ilikuwa imevunjwa saruji ili ikarabatiwe. Shemeji wa Mama Maegesho, mume wa mdogo wake, alikuwa ndani ya shimo na wenzake wawili, wakikata nondo kwa mashine. Koni zilikuwa zimesogezwa kupisha lori la zege. Kwenye skrini, nafasi hiyo ilikuwa nyekundu, yaani imefungwa. Mama Maegesho aliifunga mwenyewe.

Saa tatu na dakika kumi ikageuka kijani.

"Mbona ya nne imefunguka?"

"Haiwezekani, mama. Labda umebonyeza bila kujua."

"Sijagusa!" Lakini aliitazama mikono yake. Au kweli amegusa?

Hapohapo namba ya ndege iliyotoka kutua ikajiandika kwenye nafasi ya nne. Kule kwenye mnara, waongozaji walikuwa wanaangalia skrini hiyohiyo. Aliinuka hadi dirishani. Ndege ilikuwa imeshakata kona kuelekea shimoni, na kwa ule mngurumo wa mashine, wale mafundi wasingesikia chochote.

Walikuwa wameonywa: redio ni ya dharura tu, na atakayerudia mambo ya zamani atajieleza. Aliinyakua.

"Mnara, simamisheni ndege! Ya nne ina watu! Ina watu!"

Mnara ukajibu: "Rudia."

"Ina watu jamani!"

Ndege ilisimama hatua thelathini hivi kutoka shimoni. Shemeji yake aliinua kichwa, akaiona pua ya ndege, akabaki ameshika nondo, hakimbii wala haiweki chini.

Mama Maegesho alikimbilia chooni, akanawa uso. Aliporudi, fundi alikuwa ameshapata chanzo. Kwenye uwanja mwingine mtu alikuwa amemaliza kupaka rangi nafasi yao ya nne, akaifungua. Mfumo ukazifungua zote mbili, ya kwao na hii.

"Si wewe, mama," alisema. Ilibidi amwonyeshe mara tatu ndipo akaamini.

Meneja alipomwita, alibeba na mkoba wake kabisa, akijua harudi tena kwenye kile kiti. Meneja hakufoka. "Mfumo tumeuzima," alisema. "Kaa na hao mafundi, Mama Maegesho. Waulize mpaka wakuchoke."

Mfumo ulirudi baada ya siku kumi na moja, kila nafasi ikiwa na jina la uwanja wake. Anautumia mpaka leo, ila hafungui nafasi kabla ya kwenda kuitazama kwa macho yake.

Jioni ya siku ile ya tukio, mdogo wake alimpigia simu.

"Dada, kuna nini huko kazini? Mwenzangu amekaa tu, hataki hata kula."

"Sijui, labda amechoka," alijibu. Ilimchukua wiki nzima kumwambia ukweli.