Mulamula Upande Wangu

Mtu akija kwetu Izigo akitaka kupanda mti kwenye ardhi yako, kwanza unamwangalia usoni. Maharage yatavunwa yaishe, mpandaji aende zake. Mti unabaki, na kesho mwenye mti atasema hata udongo ulio chini yake ni wake. Ndivyo nilivyolelewa. Kwa hiyo niliposikia kwamba afisa wa mradi wa mazingira anataka kupanda miti kwenye rweya ya mama, nilifunga safari kutoka Bukoba mjini nikamsubiri uwanjani, mbele ya nyumba ya mama.

Rweya ni uwanda wa nyasi. Mama huzikata akazitandaza kwenye kibanja chake, shamba la nyumbani, migomba ikapata unyevu. Nyasi zikikosekana kibanja kinakauka, na mama hana shamba jingine.

Afisa alikuwa mpole mno, na upole wake ndio ulionitia wasiwasi. Alizunguka mpaka wote na simu mkononi, kila kona akisimama na kubonyeza. Nilimfuata hatua kwa hatua. Kwetu anayezungushwa mpaka ni mnunuzi au mrithi.

Tuliporudi uwanjani nikamuuliza, "Miti ikiweka kivuli, mama atakata nyasi wapi?"

"Tutaacha nafasi, mzee. Tunataka vilima visibaki vipara, lakini hatutaki kumuumiza mama."

"Nafasi kiasi gani? Iandike."

Akaandika kwamba nusu ya chini itabaki ya nyasi. Nilisoma fomu mara mbili nikitafuta mtego, sikuuona, nikazidi kukasirika. Tukafika kwenye mstari wa mwenye shamba. Mama alikuwa jikoni, hatua chache tu, akimenya ndizi. Afisa akauliza aandike jina la nani. Nikamwambia aandike langu. Kitambulisho ninacho, simu ni yangu, na hao watu wakitaka kumzunguka mtu wakutane na mimi, si na bibi kizee. Nikasaini. Nakala nikaiweka mezani juu ya kitabu cha nyimbo cha mama, nikarudi mjini nikijipongeza.

Nilisahau kwamba kitabu kile mama hukisoma mwenyewe.

Niliporudi baada ya majuma machache, miche ilikuwa imepandwa nusu ya juu tu, kama ilivyoandikwa. Afisa hakudanganya. Lakini kati ya nyumba ndogo niliyojenga pembeni mwa kibanja na migomba ya mama, palikuwa na mstari mpya wa mulamula, mmea tunaopanda mpakani ili watu wasigombane. Udongo ulikuwa bado mbichi.

"Maawe, mpaka huu wa nini?"

Mama akavaa miwani, akaikunjua ile fomu. "Waitu, mwanangu, hapa pameandikwa mwenye shamba. Nimesoma mara mbili, kama wewe. Mimi simo."

Nikaanza kueleza habari za simu na kitambulisho. Alinisikiliza huku akiniangalia usoni, vile vile nilivyomwangalia afisa. Nilipomaliza akanisogezea fomu.

"Na wewe utaniachia nafasi kiasi gani? Iandike."

Aibu ilinishika. Nikatoa kalamu mfukoni, nikautafuta mstari wa mwenye shamba.