Ndege Ikijiendesha

Harufu ya kahawa iliyonyeshewa hunirudisha nyumbani Ihanda, mbele ya kompyuta ya kaka. Alipenda mchezo wa kurusha ndege, na safari zake alizirekodi. Alipovuka mpaka kwenda kutafuta kazi Zambia, aliniachia rekodi moja tu. Niliirudia kila nilipotoka shule. Katikati, ndege ilienda moja kwa moja muda mrefu bila kuguswa, kwa sababu siku aliyoirekodi mvua ilianza, akakimbia kufunika kahawa kwenye vichanja vya kukaushia. Nikifika hapo, nami nilitoka mbio.

“Unakimbilia wapi, mwanangu, na jua lote hili?” mama aliuliza siku moja.

Nilisimama kwenye vichanja, peke yangu. Ndani, mngurumo wa ndege ukabadilika. Kaka alikuwa amesharudi kwenye kiti. Tulikuwa tumepishana tena.