Mashine ya Wajawazito na Severini wa Fuso

Siku hizi Winfrida anapalilia mchicha wake pale Bigwa, unesi aliuacha siku nyingi. Lakini akili yake hairudi kokote mara nyingi kama inavyorudi kwenye wodi ya wazazi ya hospitali ya misheni: akina mama wa milimani wakipiga soga kwa Kiluguru kwenye benchi, na yeye katikati yao na mashine yake ya ultrasaundi. Aliiita yake, ingawa ililetwa na wafadhili.

Ulikuwa mwaka wa mvua za El Nino. Viwanda vya mjini vilikuwa vikifungwa au kuuzwa, na wanaume waliopunguzwa kazi walijishikiza popote. Severini, kijana wa Mafiga, alijishikiza utingo kwenye Fuso la kabichi.

Mchana mmoja Fuso hilo likateleza kwenye tope likishuka mlimani, likapinduka. Dereva alivunjika mguu, na kelele zake zilijaza hospitali nzima. Severini aliketi kwenye benchi, kimya.

Winfrida alikuwa akipita na mashuka.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Umeumia wapi?"

"Mimi mzima. Bega tu hili la kushoto. Mshughulikieni kwanza mwenzangu."

Winfrida akalipapasa bega. Halina hata mchubuko; maumivu ya bega namna hiyo huweza kutoka tumboni. Akamshika mkono. Wa baridi, umelowa jasho, na mapigo yanakwenda mbio. Akamlaza kitandani, akamtundikia dripu, kisha akamkimbilia Dokta Eustace, aliyekuwa akimfunga dereva plasta.

"Nikimaliza hapa nitamchoma sindano ya tumbo, tuone kama kuna damu," alisema daktari.

"Dokta, niruhusu nimtazame kwa mashine yangu."

"Ile ya wajawazito?"

"Maji ya uzazi nayaona meusi kwenye kioo chake kila siku. Damu nayo si itaonekana hivyo hivyo?"

Daktari alimtazama, akaitikia kwa kichwa.

Winfrida akaisukuma mashine, gurudumu moja likigoma, hadi kando ya kitanda. Akampaka Severini jeli, akaanza upande wa kulia, kati ya ini na figo. Hakuna kitu. Akahamia kushoto. Pale bandama inapopakana na figo palikuwa na ukanda mweusi, mpana kama kidole gumba.

"Dokta, njoo uone!"

Dokta Eustace alikuja na plasta mikononi, akainama mara moja tu.

"Anavuja ndani. Andaeni chumba cha upasuaji!"

Bandama ilikuwa imepasuka. Laurenti, mpishi wa hospitali, ndiye aliyetoa chupa ya kwanza ya damu. Severini alikaa wodini wiki mbili, akaondoka kwa miguu yake.

Tangu hapo, kila ajali ilipoingia, sauti ya Dokta Eustace ilisikika koridoni: "Mwiteni Sista Winfrida na televisheni yake!" Winfrida alijifanya kununa, kumbe anafurahi.

Dokta alihamia Dar, akafariki huko. Mwaka jana Winfrida alipokwenda hospitali ile ile kupima presha, alimkuta nesi mmoja binti amebeba ultrasaundi ndogo kama redio, anakimbilia majeruhi wa bodaboda. Hakuna aliyemfahamu Winfrida pale. Alisimama akimtazama yule binti mpaka alipoitwa jina lake dirishani, mara mbili.