Kibwana Alivyoitwa Mazikoni Mara Mbili

Kijijini kwetu, karibu na Msambweni, kaburi lilikuwa kazi ya Kibwana wa Bi Mbeyu. Wengine walichimba, wengine walibeba jeneza, lakini wa kushuka chini, kukata mwanandani ubavuni mwa kaburi na kumpokea maiti mikononi, alikuwa yeye. Mume wangu alishushwa na yeye. Riziki yake aliipata kwa kuezeka makuti kwenye hoteli za Diani. Mazikoni hakulipwa wala hakutaka kulipwa. Ungemwita mvua inanyesha angekuja. Ungemwita anakula angeacha tonge sahanini. Kwa mambo mengine alikuwa mbishi kama punda, lakini kwa maziko hakuna aliyewahi kusikia Kibwana amesema hapana.

Kisha akaugua akili. Alianza kwa kukosa usingizi, akaacha kuoga, akawa anajibizana na watu tusiowaona. Walimwambia kuna maiti wanangoja. Asubuhi moja tukakuta amechimba makaburi matatu uani kwao, yamenyooka kuelekea kibla, kazi safi kabisa, na amemsimamisha mama yake mlangoni anampima kwa kamba. Bi Mbeyu alilia mpaka sauti ikakauka. Mganga aliitwa, akala jogoo, akaenda zake. Nayasema haya mtu asije akadhani ninaidharau hofu yao. Hata mimi nilianza kufunga mlango kwa komeo mchana.

Kumpeleka hospitali ilikuwa lazima, hilo silibishi. Ninachobisha ni njia waliyoichagua.

Kaka yake mkubwa, Mbarak, ni dereva wa Probox pale Ukunda, mtu wa maneno mengi na subira haba. Alijua mdogo wake hatapanda gari kwenda kutibiwa, na kumwambia waziwazi hakujaribu hata mara moja. Akatafuta jambo ambalo Kibwana hawezi kulikataa, na hilo kila mtu alilijua. Akamwendea akamwambia, "Mjomba Abdulaziz wa Bodo amefariki. Njoo umzike." Abdulaziz alikuwa kwake Bodo, mzima wa afya, ameshaambiwa asionekane barabarani siku ile. Na ili mwana aamini, Bi Mbeyu aliangua kilio.

Nilikisikia kilio kile nikiwa nakanda unga wa mahamri, nikakimbia na mikono yangu myeupe. Gari lilikuwa limeshaondoka. Bi Mbeyu alijifuta uso kwa leso, akaninong'oneza habari yenyewe. Nilihisi hasira imenipanda kichwani.

"Kumzushia kifo ndugu yako wa tumbo moja, Bi Mbeyu? Njia ya mwongo ni fupi."

"Ni kwa heri yake, Maimuna," akasema. "Akipona atatusamehe."

Yaliyotokea garini alinisimulia Kibwana mwenyewe, baadaye sana. Bodo iko kusini, na gari lilielekea Ukunda. Akauliza. Mbarak akajibu kwamba wanapitia sanda. Jibu lilimtosha, akawa anamlilia mjomba wake kimyakimya kiti cha nyuma, katikati ya vijana wawili aliodhani ni wazikaji wenzake. Maduka ya Ukunda yalipopita akasema, "Sanda mmeisahau." Ndipo wale vijana wakamkamata, wakamfunga mikono kwa leso.

Hospitali yenyewe sitaitaja, maana haikuwa na kosa kubwa kuliko letu. Daktari alimuuliza kwa nini analia. Kibwana akamjibu kwa adabu kwamba mjomba wake amefariki, yuko Bodo anangoja kuzikwa, na tafadhali wamwache aende kabla jua halijapinda. Daktari akamgeukia Mbarak. "Ni kweli, mjomba wenu amefariki?"

"Hapana, daktari," Mbarak akasema. "Yuko hai."

Daktari akaandika. Lile neno, ambalo siku hiyo Kibwana hakuambiwa na sauti yoyote bali na kaka yake, nalo likahesabiwa ni ugonjwa. Alipozidi kulisema, wanaume wanne wakamlaza chini wakamdunga sindano. Alizinduka amevaa suruali isiyo yake, ulimi mzito, hajui ni siku gani wala nani wa kumuuliza. "Sindano iliniuma, Bi Maimuna," aliniambia. "Lakini kilichonitesa ni kwamba mjomba ananuka ndani ya nyumba, na mimi nimefungiwa."

Alikuwapo muuguzi mmoja, Damaris, mtu wa bara. Huyo ndiye wa kwanza kuketi naye kitako, kumweleza anadungwa nini na kwa sababu gani, na kumuuliza anamlilia nani. Aliposikia, alimpigia Mbarak simu, akamgombeza, akataka mjomba mwenyewe azungumze. Siku ya pili Abdulaziz akapiga. "Kibwana, mwanangu, ni mimi mjomba wako. Niko hai." Kibwana akamrudishia Damaris simu yake. Daktari alikuwa ameshamfundisha kwamba akisikia sauti ya mtu asiyekuwepo, asiiamini.

Alirudi nyumbani ametulia. Dawa zilimsaidia, na yeye mwenyewe husema hivyo. Usingizi ulirudi, wale maiti wakaacha kumwita kwa kelele. Mikono ilikuwa ikimtetemeka, kwa hiyo kupanda mapaa aliacha, akawa anasuka makuti chini. Sindano yake ya kila mwezi alianza kuifuata mwenyewe zahanati, kwa miguu, bila ya kukumbushwa na mtu. Kila nikimwona anapita kwenda kudungwa nilikuwa nikisema moyoni: basi mtu huyu angeambiwa ukweli tangu mwanzo, huenda angekwenda.

Kilichovunjika hakikuwa na dawa. Hakupanda tena gari la Mbarak. Alihamia kibanda cha shambani, kando ya mikoko, na mazikoni hakuonekana tena, hata aitwe na nani. Abdulaziz alikuja kumtaka radhi, akapiga magoti mbele ya mtoto wa dada yake. Kibwana alimwinua taratibu akamwambia, "Mjomba, mimi nilishakulilia. Kwako sina machozi mengine." Kibwana aliendelea kumpenda mama yake, akimletea samaki kila Ijumaa, lakini mama alipokohoa tu, alimtazama kama anayepima kikohozi kile ni cha kweli.

Kwangu alikuja kila asubuhi kununua mahamri. Wakati mwingine alisimama, akainamisha kichwa. "Bi Maimuna, nje pale kuna mtu ananiita?"

"Hakuna mtu, Kibwana."

Au, "Yupo, ni muuza maji, si wewe anayekuita." Nilimjibu kitu kama kilivyo, hata kilipokuwa kichungu, naye aliniamini na kwenda zake.

Bi Mbeyu alizeeka na jambo moja moyoni: atakapokufa, ashushwe na Kibwana. Alilisema kwa kila aliyemtembelea. Aliniambia pia kwamba kati ya dhambi zake zote, kilio kile ndicho anachokiogopa mbele ya Mungu, maana alikipiga vizuri mno.

Mwaka huu, alfajiri moja, presha ilimpanda akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Mambo ya maziko ni ya wanaume, ndivyo tulivyolelewa. Wanawake tukaingia kuosha na kupika, wanaume wakakaa barazani kupanga. Wakapanga kuzika baada ya adhuhuri, na wakapanga wa kwenda kumwita Kibwana shambani. Na kati ya waja wote wa Mungu, walimtuma Mbarak, na Probox yake, na Abdulaziz pembeni!

Walimkuta anasuka makuti. Mbarak akamwambia, "Mama amefariki. Njoo umzike."

Kibwana aliwatazama wote wawili. "Na mjomba alikuwa amekufa vilevile," akasema. Akaweka kuti chini, akaingia mikokoni, mahali ambapo asiyepajua hawezi kumfuata. Walimwita mpaka wakachoka. Mbarak alilia huko, nasikia, akaapa kwa kila kiapo, lakini hata siku ya kwanza alikuwa ameapa. Imamu alisema maiti hacheleweshwi. Wakarudi, wakamswalia, wakamzika, na aliyeshuka kaburini ni Abdulaziz, ambaye hajawahi kukata mwanandani maishani mwake.

Mimi nilikuwa uani nakatakata vitunguu. Walipita hatua chache kutoka nilipokaa, wakienda na wakirudi, na hakuna aliyewaza kuniuliza. Niliposikia nani alitumwa, jeneza lilikuwa limeshatoka, nami nikakitupa kisu chini. Ningekwenda kwa miguu yangu hii mibovu. Ningekwenda nikitambaa.

Kibwana alikuja alasiri. Aliona mikeka, aliona wanawake, alisikia kilio, akasimama palepale chini ya mnazi asiingie wala asirudi. Kilio kwake hakikuwa ushahidi wa kitu. Akapita katikati ya wanawake mpaka nilipokaa, akachuchumaa.

"Shikamoo, Bi Maimuna. Ni kweli?"

"Ni kweli, Kibwana. Mama amefariki alfajiri. Wameshamzika."

Aliamini papo hapo. Niliona uso ulivyomwanguka. Neno moja tu lilitosha, na asubuhi nzima neno hilo lilikuwapo pale uani, limeshika kisu cha vitunguu.

"Nani alimshusha?"

"Mjomba wako."

Akatazama viganja vyake. "Amemlaza sawasawa?"

Aliyekaa karibu nami alinifinya paja, nimwambie ndiyo, kuna hasara gani. Nami nilitaka kusema ndiyo kuliko nilivyowahi kutaka jambo lolote.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Sikuwepo."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akaketi chini, upande wetu wa wanawake, akamlilia mama yake, na hakuna aliyemwambia aende kwa wanaume.