Picha ya Arusi Isiyo na Bibi Arusi

"Bibi harusi ako wapi hapa?"

Afisa wa uhamiaji aliigeuza picha huku na huku, kisha akaiinua mbele ya dirisha, utadhani mwanga ungenitoa nilikojificha. Katika picha ile mume wangu amevaa kanzu na joho, ameketi kwenye zulia la msikiti, na mkono wake wa kulia umeshikana na mkono wa baba yangu. Katikati yao yuko sheikh. Nyuma yao wamejaa wajomba zangu, majirani na watoto waliobebwa mabegani ili waone. Wanaume watupu. Nikamwambia afisa ukweli, kwamba bibi arusi hayupo, alikuwa nyumbani.

"Kwa hivyo huyu bwana alimuoa huyu mzee?"

Karani wa meza ya pili akacheka mpaka akaziba mdomo kwa faili. Mimi sikucheka. Hasira zangu ziko karibu. Mama yangu husema nilizaliwa nimekunja ngumi na mkunga akashindwa kuikunjua. Nilishika ukingo wa meza nikajiambia, tulia, usije ukamfukuzisha mtu wa watu kwa mdomo wako.

Maana aliyekuwa kwenye hatari ya kufukuzwa ni yeye, mume wangu, aliyeketi kando yangu akitazama viatu vyake. Ni Mngazija, mtu wa Visiwa vya Komoro, fundi wa mashine za boti, na kazi yake iko gatini Mokowe, ng'ambo ya kisiwa chetu. Muda aliogongewa kwenye pasipoti yake ulikuwa unakaribia kuisha. Ukiisha kabla hajapewa ruhusa ya kukaa kama mume wa Mkenya, ilikuwa lazima arudi kwao na kuanza maombi upya akiwa huko. Na mimi ni mwanajeshi. Askari havuki mpaka kwa kupenda kwake, hata akiwa anamfuata mume. Tulijua watu walioambiwa ni safari ya muda mfupi tu, na ndoa zao zikafia njiani.

Picha ile tuliipeleka wenyewe, kwa moyo mweupe. Walitaka picha ya arusi, nasi tukaishusha ukutani picha ya arusi. Haikutupitia akilini kwamba kuna mtu ataitazama asielewe. Kwetu Amu, ambako wengine huita Lamu, nikaha ni mkono wa baba na mkono wa bwana arusi, na binti yuko ndani kwao. Siku ya kupambwa kwangu walikuwako wanawake peke yao, na kikapu kiliwekwa mlangoni cha kutia simu. Msichana mmoja alificha yake kifuani. Ilipolia, alitolewa nje na shangazi zangu wawili, mmoja kila kwapa. Nilipendeza siku ile, nasema bila haya. Lakini kupendeza kwangu kumebaki kwenye macho ya wale wanawake, na hapo ndipo nilipotaka kubaki.

Yote haya nilimweleza afisa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana wa bara, ana adabu zake, na joto la Amu lilikuwa limemlowesha shati. Aliangalia cheti cha nikaha, akasema hakina kasoro. Aliangalia barua ya mkuu wangu wa kambi, kisha akaniangalia mimi na buibui langu.

"Huyu askari ni wewe?"

"Ni mimi."

"Hukai kama askari."

"Na kambini kwangu huambiwa sikai kama mke," nikamjibu.

Akasema cheti peke yake hakitoshi, kwa sababu kuna watu huoana kwa ajili ya makaratasi. Anataka ushahidi kwamba sisi ni mume na mke kweli: picha ya wawili pamoja siku ya arusi, au kitu cha uzito huo. Akatupa siku ya kurudi, siku yenyewe ikiwa karibu kabisa na mwisho wa pasipoti. Nje, mume wangu aliishika picha yake chini ya kwapa kama mtu anayetoka kuuza kitu kikakosa mnunuzi.

Kufika mbele ya meza ile kulikuwa kumenigharimu. Kuolewa na mgeni ukiwa jeshini huanza kwa kuomba ruhusa, na ruhusa huanza kwa maswali. Niliulizwa kama mchumba huyu huniuliza habari za kambi. Nikasema huniuliza kama nimekula. Wakaandika. Baada ya nikaha zikaja fomu za uhamiaji, zikinifuata porini kwenye lori la chakula, zikifika na madoa ya mafuta ya kupikia. Nilizijaza juu ya sanduku la risasi, nikazirudisha kwa lori hilohilo hadi Mokowe, na mume wangu akazipeleka Amu kwa boti. Zikarudi. Sahihi imetoka nje ya kisanduku. Zikaenda tena, zikarudi tena, sasa anayetakiwa ni mke mwenyewe, ana kwa ana. Mkuu wa kambi alinipa likizo kisha akaifuta, kwa sababu kulikuwa na kazi msituni. Mume wangu akaenda peke yake, akaulizwa mkeo yuko wapi, akasema yuko kazini anailinda nchi. Wakamwambia aende amlete.

Mtandao kambini ulipatikana sehemu moja tu, juu ya ngazi ya tangi la maji. Nilikuwa napanda pale kila nikitoka zamu, na neno langu la kwanza halikuwa salamu. "Uko wapi?" Ndivyo nilivyomuuliza, kila mara, kwa sauti ambayo sasa naijua ilikuwa ya hofu. Yeye akijibu: niko gatini. Niko ofisini, nimeambiwa nisubiri. Niko botini, narudi, hawakunipokea. Mimi ambaye kazi yangu ni kusimama mpakani na bunduki nilikuwa naogopa mpaka kuliko mtu yeyote.

Kwa hiyo siku ile tuliporudi na picha yetu iliyokataliwa, ushauri ulitujaa nyumbani, mwingine kwa simu. Rafiki yangu wa kambini, mwanamke wa bara, Mkristo, mtu ninayeweza kumkabidhi roho yangu, alisema, "Si mvae tu mpige moja leo? Nani atajua?" Jirani yetu pale mtaani Wiyoni alikuwa na nguo ya arusi ya kuazima na shemeji mwenye studio. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Paka wanja, chora piko mikononi, simama, tabasamu, tarehe ya nyuma. Kila mtu aliliona jambo hilo jepesi.

Nilikataa.

Mume wangu alikuwa uani akinawa mikono kwa sabuni ya unga, maana mafuta ya mashine hayatoki kwa sabuni nyingine. Hakupandisha sauti. Yeye huwa hapandishi.

"Kiburi ni chako," akasema, "lakini atakayetolewa ni mimi."

Nilichukua sufuria iliyokuwa safi nikaisugua upya. Alikuwa na haki, na haki yake iliniuma kuliko mzaha wa yule afisa. Lakini nilipojaribu kujiona mbele ya kamera ya studio, nikiigiza siku ambayo niliiishi, niliyemwona hakuwa mimi. Niliapa kuitetea nchi hii. Sikuapa kuidanganya, na sikuapa kwamba itanifundisha kuona aibu namna nilivyoolewa. Wanasema ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Mimi nilikuwa nimeinama mwaka mzima, kwenye kila fomu na kila meza. Mgongo una mwisho wake.

Nikaenda kwa mama.

Lazima niseme kwamba mama yangu hakuwahi kuniridhia jeshi. Nilipoandikishwa alijifungia chumbani, na tangu hapo watu wakimuuliza binti yako yuko wapi, alisema yuko bara kikazi, kama kwamba nauza dukani. Magwanda yangu hayakuruhusiwa kuanikwa kwenye kamba ya uani. Nilimsimulia habari ya picha nikitarajia anipe nasaha ya subira. Alinisikiliza huku akichambua mchele. Nilipofika mahali pa "alimuoa huyu mzee", mikono yake ikasimama.

"Ataka mashahidi?" akasema kwa Kiamu chake. "Mwambie tutakuya."

Nilidhani ni maneno. Siku ya miadi, mimi na mume wangu tulipofika ofisini, benchi lote la nje lilikuwa jeusi kwa mabuibui. Mama yangu. Shangazi zangu wawili wa kikapu cha simu. Na mwisho wa benchi, amejiegemeza ukutani na fimbo yake, somo yangu, yaani mama aliyenifunda kabla ya arusi na kuniingiza chumbani siku yenyewe. Ni mtu mzima sana, hatoki nyumbani ila kwa maiti au mtoto aliyezaliwa. Alikuja kwa punda, na punda alikuwa amefungwa kwenye kitasa cha lango la serikali.

Afisa alisema anaweza kumsikiliza shahidi mmoja. Wakaingia wote. Akatafuta viti, havikutosha, mwisho akasimama yeye na kumpisha somo kiti chake cha kuzunguka. Somo akaketi, akakijaribu kidogo kulia na kushoto, akakipenda.

"Nyanya, wewe uliwaona hawa wawili pamoja siku ya arusi?"

"Mimi ndiye niliyemfungulia mwango mtu huyu," somo akasema, akimwelekezea mume wangu fimbo. "Aliingia mtana, ametoka msikitini, viatu ameshika mkononi kwa hofu. Nikamtwaa mkono wake, nikautia katika mkono wa huyu. Nimewaona kwa mato yangu haya. Mkono ulokuwa kwa babake ukaya kwa binti. Ndiyo arusi. Sasa watakani tena?"

Afisa alianza kueleza habari ya utaratibu. Somo akamwacha amalize, maana ana adabu.

"Na wewe, Bwana, mamako na babako, picha yao ya arusi i wapi?"

Nilimwona kijana akifikiri kweli, akitafuta ukutani kwao, huko bara, picha ambayo haikuwahi kuweko.

"Hawana," akasema. "Wazee walikuja tu, wakakula mbuzi."

"Na mbuzi washaliwa," somo akasema. "Basi nani aloona?"

"Nyanya yangu," akajibu, na akacheka, safari hii bila kutucheka. Akavuta faili. Akamgeukia mama yangu, nadhani kwa ajili ya kujaza nafasi moja iliyobaki, akamuuliza binti yako anafanya kazi gani. Nilitazama chini nisimwone akisema bara, kikazi.

"Ni asikari," mama yangu akasema, kwa sauti ya kufika mpaka kwa punda. "Yuwalinda nti hii, na wewe ndani yake. Na mumewe akae."

Nililia. Katika ofisi ya serikali, mbele ya karani, nililia na sikujificha, na hadi leo sijutii.

Afisa aliandika alichoandika. Kisha akasema, kwa upole, kwamba faili ingekuwa na nguvu zaidi ikiwa na picha yoyote ya leo, ya mke na mume na mashahidi wao. Akatoa simu yake. Hapo sikuwa na pingamizi, kwa sababu ilikuwa picha ya kweli ya siku yake yenyewe. Alipoinua simu tu, mama, shangazi wote wawili na somo wakavuta shela wakajifunika nyuso kwa pamoja, bila kuambizana. Ndivyo picha ilivyo mpaka sasa katika faili yetu: mimi macho mekundu, yeye viatu vikiwa vimepakwa rangi upya, na nyuma yetu wanawake wanne weusi tititi wasioonekana hata pua. Afisa aliitazama akatikisa kichwa, lakini aliipokea.

Hawakutupa jibu siku ile, wala wiki ile. Mimi nilivuka hadi Mokowe jioni hiyohiyo nikarudi kambini, kwa sababu likizo ilikuwa imeisha. Mume wangu hakuniomba radhi wala mimi sikumwomba. Pale gatini Amu alinishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hafanyi, akaushika mpaka boti ilipoanza kuondoka na nahodha akatugombeza.

Siku za pasipoti zilikwisha nikiwa msituni, mahali pasipo na tangi wala ngazi. Nilitembea nikijua kwamba huenda ameshaitwa, huenda yuko uwanja wa ndege na kile kibegi chake cha spana. Sikumwambia mtu. Rafiki yangu aliniona, akanibebea maji yangu pamoja na yake.

Tuliporudi kambini sikuvua hata viatu. Nilipanda ngazi ya tangi na bunduki mgongoni, nikapiga. Ililia sana. Ikapokewa, na nyuma ya sauti yake nikasikia mama yangu akigombana na kuku.

"Uko wapi?" nikamuuliza.

"Niko kwako," akasema. "Wamegonga muhuri. Mama ameanika magwanda yako uani."