Barua za Mama Ireri

Moshi wa kuni ukikaa miaka mingi kwenye kitu huacha harufu yake, kali na tamu kidogo. Juzi nilinunua mahindi ya mbegu yaliyokaushwa juu ya meko, nikayanusa, nikajikuta mtoto tena kwa Cucu, bibi yangu, karibu na Karurumo.

Nililelewa na Cucu na Guka, babu yangu. Walipendana, nadhani, lakini walikuwa na ugomvi mmoja usiozeeka. Ulizuka kwa jambo dogo tu, chai kupoa au mbuzi kuingia kwenye maharagwe, na uliishia palepale.

"Niliandika," Cucu angesema.

"Hukuandika," Guka angejibu, kisha angechukua kofia yake na kwenda kukagua mibuni isiyohitaji kukaguliwa.

Kisa chenyewe nilikijua nusunusu. Wakati wa hali ya hatari, enzi za mkoloni, Guka alitiwa kizuizini kwa kuwalisha wapiganaji wa msituni. Ndugu yake mdogo, Nyaga, alichagua upande ule mwingine. Akawa homgadi, mlinzi wa kijiji upande wa serikali, akapewa bunduki ya kuwachunga wanawake, Cucu akiwa mmoja wao, katika kijiji kilichozungushiwa handaki. Humo ndimo mtoto wa kwanza wa Cucu na Guka, Ireri, alimofia kwa homa. Guka aliachiliwa akarudi nyumbani amembebea mtoto shati, asijue kwamba amekufa.

Tangu siku hiyo hakumsalimu Nyaga, ingawa maboma yetu yalitenganishwa na ua tu. Shuleni mwalimu alitufundisha kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Nilitamani aje kwetu aone: jembe lilikuwa limeisha makali, na wao bado.

Nilikuwa darasa la tano Nyaga alipofariki. Asubuhi iliyofuata mjane wake, Marigu, alikuja na furushi la ngozi ya mbuzi, jeusi kwa masizi. Hata kiti hakutaka.

"Mama Ireri," alimwambia Cucu, "hizi ni zako. Alizificha juu ya meko miaka yote hii. Nimeshindwa kumzika nazo."

Ndani mlikuwa na karatasi yenye muhuri, iliyothibitisha utiifu wa Nyaga kwa serikali ya mkoloni. Chini yake kulikuwa na barua za Cucu kwa Guka. Mwalimu wa dini ndiye aliyeziandika kwa niaba yake, kwa Kiswahili, kwa kuwa wakubwa wa kambi ya kizuizini hawakupitisha barua wasiyoweza kuisoma. Nyaga ndiye aliyepaswa kuzipeleka posta.

"Soma, Wawira," Guka aliniambia.

Nilisoma, nikiwafasiria kwa Kiembu mstari kwa mstari. "Mume wangu, Ireri ametutoka. Alikuwa akiliita jina lako. Nijibu hata neno moja, nijue tunalia wawili."

Guka aliuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Kwa nini?"

Marigu alitazama chini. "Alisema huko kambini wanaume wakipata habari kama hizo walikuwa wakijirusha kwenye seng'enge wapigwe risasi. Alisema heri umchukie ukiwa hai. Kama ni kweli, mimi sijui. Ndivyo alivyoniambia."

Guka aliiacha chai yake mpaka ikafanya utando. Kisha akavuka ua, akawasaidia vijana kuchimba kaburi. Watu walisema amesamehe. Mchungaji alilitaja jambo hilo katika mahubiri, na wanawake wakapiga vigelegele palepale makaburini.

Nami niliamini hivyo miaka mingi. Nilikuwa tayari mke na mama nilipoanza kumfikiria Cucu wa siku ile, ameketi kwenye kigoda, barua mapajani, akizilainisha kwa kiganja. Sote tulimtazama Guka, tukingoja kuona atafanya nini. Cucu hakuna aliyemuuliza neno. Alimzika mwanawe peke yake, akaomba jibu, akanyimwa. Na kwa miaka yote hiyo alimpikia mume ambaye, kwa alivyoamini yeye Cucu, alisoma maneno yale akanyamaza.

Mazishini Cucu hakwenda. Alisema magoti yanamuuma, nami nikamwamini.